Kilio cha Msiba wa Kujitakia

Wahenga walituachia mithali isemayo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Ni maneno machache, na uchache wake ndio nguvu yake, maana humnyamazisha mwenye kulia kabla hajapata kueleza kinachomliza. Tangu utotoni niliyaona kuwa maneno ya haki. Mvuvi aliyeonywa kuwa upepo umechafuka, naye akasukuma mtumbwi wake majini kwa ukaidi, atalilaumu ziwa kwa lipi? Lakini siku moja niliisikia mithali hiyo ikisemwa mjini Mwanza juu ya mtu nimpendaye, na tangu siku hiyo imani yangu kwayo imetikisika. Nataka kuipima hapa mbele ya msomaji, kama sonara apimavyo dhahabu, ili tuone kama uzito wake ni sawa na mng'aro wake.

Mama yangu mdogo ni mwalimu, na nyumba yake iko katika kimoja cha vilima vya mji ule, ambako watu wamejenga kati ya majabali na njia za kwendea nyumbani ni ngazi za mawe. Kwa miaka mingi mwili wake ulikuwa mzito kupita kiasi. Watu walimsifu kuwa amenawiri. Yeye peke yake alijua jinsi magoti yalivyomuuma kila alipozipanda ngazi zile, na kwamba kisukari na shinikizo la damu vilikuwa vimekwisha kuingia kwake kama wageni wasioaga. Alijaribu kujinyima, kutembea asubuhi, na kuacha ugali. Uzito ulishuka, kisha ukarudi na nyongeza. Hatimaye alisafiri nje ya nchi akapasuliwa, sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula ikaondolewa. Katika muda wa mwaka mmoja alipungua sana, sukari ikatulia, akawa anapanda kilima bila kupumzika. Lakini alipata mgeni mwingine, naye ni kiungulia. Usiku alipolala, maji makali yalimpanda kooni, kifua kikawaka moto, akaamka akikohoa. Katika karamu moja ya ukoo aliacha sahani ya sato baada ya matonge matatu, akaeleza sababu yake. Shangazi mmoja akasema, "Mwalimu, si ulitaka mwenyewe? Msiba wa kujitakia hauna kilio." Watu wote wakacheka. Yeye naye akacheka. Tangu hapo hakumtajia mtu tena maradhi yake, wala hakumwendea daktari, kwa muda wa miezi minane.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelewe jambo lenyewe. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac kilichomo katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la tumbo lake halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alichota maji ya tumbo lile kwa miaka kadhaa, akayatia katika vichupa pamoja na nyama, akaona nyama ikiyeyuka. Mwaka 1833 alichapisha aliyoyaona. Maji hayo ni tindikali. Tumbo limeumbwa kuyahimili. Umio, ambao ni njia ya chakula kutoka kooni, haukuumbwa hivyo. Mpakani mwao pana msuli wa duara ulio mfano wa bawabu: hufungua chakula kipite, kisha hufunga.

Upasuaji alioufanyiwa mama yangu mdogo huondoa kadiri ya robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Mfuko mpana hutanuka kila chakula kiingiapo. Bomba jembamba haliwezi kutanuka vivyo hivyo, basi msukumo huongezeka ndani yake na kumwelemea bawabu, ambaye huenda naye amedhoofishwa na kisu kilichopita karibu naye. Si wote wapatwao. Unene wenyewe huleta kiungulia, na wako waliopona kiungulia kwa kupungua. Wako wengine ambao hawakukijua mpaka baada ya kupasuliwa. Upasuaji wa namna hii, ambao zamani Mtanzania aliufuata ng'ambo tu, katika miaka hii ya 2020 umekuwa ukifanywa nchini pia, mathalan Mloganzila jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo swali letu si la mtu mmoja, na wala halitapungua.

Sasa turudi kwenye mithali. Neno lake zito ni "kujitakia". Je, mama yangu mdogo alijitakia kiungulia? Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliuliza swali kama hili katika kitabu chake cha maadili, akatoa mfano ambao mtu wa Ziwa Viktoria ataufahamu upesi. Nahodha aliyekutwa na dhoruba huitupa shehena baharini. Ametupa kwa hiari yake, maana mkono ni wake na uamuzi ni wake. Walakini hakuna mtu mwenye akili apendaye kutupa mali bure. Ameitupa ili kuokoa roho zilizomo chomboni. Tendo lake ni la hiari iliyochanganyika na lazima. Vivyo hivyo mwanamke huyu alitupa sehemu ya tumbo lake ili chombo kisizame. Alichojitakia ni uokovu. Hasara ilifuatana na uokovu kama kivuli kifuatanavyo na mtu. Anayemwambia nahodha aliyefika bandarini mikono mitupu kwamba hana haki ya kusikitikia shehena yake, amesahau habari ya dhoruba.

Yamkini mtu atajibu kwamba dhoruba yenyewe ilikuwa kazi yake, kwa kuwa ni yeye aliyekula mpaka akanenepa. Jibu hili lina ukweli nusu. Mdomo ni wa mtu, lakini njaa haikuumbwa na mwenye mdomo. Mwili uliopunguzwa uzito huongeza njaa na kubana matumizi yake ili uurudishe uzito ule. Ndiyo maana wengi hupungua na kunenepa tena ilhali hawakuwa wavivu. Tena sisi wenyewe tulioketi karamuni ndio tuliomjazia sahani miaka yote, tukimwambia kuwa kukataa ni dharau, na tukiuita unene afya. Je, ni haki mtu alishwe na ukoo mzima, kisha augue peke yake?

Lakini natukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba makosa yote yalikuwa yake. Je, hapo kilio kinakoma kuwa halali? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kilikuwa kimejaa kupita kiasi; zaidi ya watu 200 walipotea. Abiria walipanda kwa miguu yao, na huenda wako walioona kuwa nafasi hakuna, wakapanda, maana safari ilikuwa ya lazima. Je, tuliwanyima machozi kwa sababu hiyo? Mwanza ililia, Ukerewe ililia, na kilio hicho hakikuuliza kwanza nani alipanda akijua. Huruma iliyongoja hukumu ya kesi isingekuwa huruma, ingekuwa malipo.

Najua hofu iliyomfanya mhenga aseme alivyosema. Kama kila ajitiaye taabuni atabembelezwa, nani atajihadhari? Hofu hii ni ya haki, lakini haijibiwi kwa kunyamazisha kilio. Kulia hakumwondolei mtu wajibu wake. Aliyepasuliwa ana adabu mpya ya kuishika maisha yake yote: kula kidogo na kutafuna sana, kutokunywa maji pamoja na chakula, kukaa saa tatu baada ya mlo wa jioni kabla ya kulala, kuepuka mafuta mengi, pilipili, pombe na tumbaku, kumeza vitamini alizoandikiwa. Naye jirani ana wajibu wake, nao ni kuamini neno "nimeshiba" bila kuuliza mara mbili. Na daktari ana wake, wa kusema bei ya dawa yote kabla ya kuiuza. Mama yangu mdogo aliambiwa habari za kiungulia kwa sentensi moja, katikati ya karatasi nyingi, usiku wa kuamkia kisu. Mwenye kuuziwa kwa bei ambayo hakuielewa hakuchagua sana.

Madhara ya mithali yetu niliyaona kwa macho. Kicheko cha karamuni kilimgharimu miezi minane. Alipokubali kwenda hospitali, alipitishiwa kooni mpira mwembamba wenye kamera, umio ukakutwa umechubuka na kufanya vidonda. Kiungulia kikiachwa miaka mingi huweza, kwa watu wachache, kubadili utando wa ndani wa umio na kuandaa njia ya saratani. Kwa hiyo kunyamaza kwake hakukuwa ushujaa bali hatari. Alipewa dawa ya kupunguza tindikali, ya kumezwa kabla ya chakula. Aliambiwa pia kwamba dawa ikishindwa upo upasuaji mwingine, wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo, ambao mara nyingi hutuliza kiungulia. Bado hajaamua, na simwamulii.

Nilipomtembelea mara ya mwisho nilikuta miguu ya kitanda chake upande wa kichwani imewekwa juu ya matofali, ili tindikali isipande kwa urahisi. Alinionyesha akatabasamu, akaniambia, "Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Nikaona kwamba wahenga waliotupa mithali ya kwanza ndio waliotupa na ya pili, na kwamba kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni onyo, na mahali pa onyo ni kabla ya tendo, katika kinywa cha mtu ajishaurie nafsi yake. Baada ya tendo onyo hugeuka kuwa jiwe la kumpigia aliyekwisha kuanguka. Hapo ndipo ya pili ishike zamu, imwambie jirani anyamaze, asikilize, na asogeze tofali.