Haki ya Kenge kwa Anayetaka Kumfuga

Swali la kenge yupi anamfaa mtu anayeanza kufuga watambaazi huulizwa kwa kawaida kama swali la ufundi, yaani la ukubwa wa mnyama, ukali wa meno yake, gharama ya banda na aina ya chakula, ilhali ndani yake mna swali la pili lisilopimika kwa futi: ni kwa haki gani binadamu humtoa kiumbe mahali alipoumbiwa kuishi na kumweka mahali panapompendeza yeye binadamu? Katika teritori za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maswali hayo mawili hayatenganishiki, kwa sababu kenge wa huko si mnyama wa dukani. Ni jirani wa mito, wa Lualaba upande mmoja na Luama upande mwingine, mwizi wa mayai ya kuku, kitoweo kwa baadhi ya watu na mwiko kwa wengine, na kijana anayetaka kumfuga humpata kwa kumkamata.

Kenge huyo ni kenge wa maji, ambaye wanasayansi humwita Varanus niloticus. Anapotoka yaini huwa na urefu wa sentimita 30 hivi, mweusi mwenye madoa na mikanda ya manjano, na uzuri wake humdanganya kwa urahisi mtu anayemwona kwa mara ya kwanza na kudhani kwamba kiumbe kidogo namna hiyo kitatosha ndani ya kapu. Akikua huweza kupita mita 2, akiwa na mkia anaoutumia kama silaha, kucha za kuchimbia na taya zinazovunja konokono na kaa. Jike lake huchimba kichuguu wakati wa mvua na kutaga humo makumi ya mayai, kisha mchwa huziba tundu hilo kana kwamba wameajiriwa kuyalinda, na joto na unyevu wa kichuguu huyatunza kwa miezi mingi mpaka vitoto vitoke wakati udongo umelainishwa tena na mvua. Mnyama ambaye hata kuzaliwa kwake kunahitaji mto, mvua, mchwa na jua kwa pamoja hawezi kuhesabiwa kuwa mwepesi kufugika kwa sababu tu bado ni mdogo.

Jambo moja katika umbile lake linastahili kuzingatiwa kwa kirefu, kwa maana ndilo linaloligeuza suala la banda kuwa suala la haki. Kenge ni miongoni mwa wanyama wanaoitwa wa damu baridi, maana yake si kwamba damu yake ni baridi wakati wote, bali kwamba mwili wake hautengenezi joto la kutosha na hulazimika kulipata kutoka nje. Asubuhi huota jua mpaka mwili upate moto, mchana hukimbilia kivulini au majini, na kwa kuhamahama huko ndiko anakopata nguvu za kuwinda, kusaga chakula na kupigana na maradhi. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua kati ya jua na kivuli, ambao kwa mbuzi aliyefungwa kamba ni suala la raha, kwa kenge unashika nafasi ya kiungo cha mwili. Kumweka katika sanduku lililo kivulini moja kwa moja ni kumnyima uwezo wa kumeng'enya hata chakula alichopewa, na kumweka katika sanduku lililo juani bila pa kujificha ni kumuua kwa saa chache. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hujaribu kuifidia hasara hiyo kwa taa za joto na za miale ya urujuanimno zinazowaka kila siku. Kusini mwa Maniema, ambako umeme ni adimu, jua liko tele, lakini banda linalomruhusu mnyama kulitumia na kulikimbia kwa hiari yake, lenye udongo mzito wa kuchimba na dimbwi la kuzama mwili wote, ni jengo kubwa kuliko vyumba vingi vya kulala vya watu.

Wenyeji wa Kasongo hawaanzi kulifikiri suala hili bila urithi. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kuanzia miaka ya 1870 mpaka ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na kutoka pwani ulipokea Uislamu pamoja na madhehebu ya Kishafi. Miaka kumi baadaye Mapadri Weupe waliweka misheni yao huko. Ni sharti kukumbuka kwamba mji huo huo ulijengwa pia juu ya minyororo ya watumwa, na kwamba watu waliotoka katika historia hiyo wana sababu nzito ya kuuliza maana ya kummiliki kiumbe mwenye uhai. Kumlinganisha kenge na mtumwa kungekuwa kumtukana binadamu aliyeteswa, wala hoja hii haihitaji ulinganisho huo. Inatosha kusema kwamba nguvu ya kukamata haijawahi kuwa ushahidi wa haki ya kushika.

Hadithi ya Mtume inayojulikana sana katika suala hili ni ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, bila kumlisha na bila kumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Iko pia habari ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume akamliwaza kilipokufa pasipo kumlaumu kwa kukifuga. Wanazuoni walizisoma habari hizo mbili pamoja, na al-Qaffal wa madhehebu ya Kishafi alipoulizwa kuhusu ndege wa tunduni alijibu kwamba yafaa ikiwa mwenye nao atawatimizia mahitaji yao, kwa kuwa ni mfano wa mnyama anayefungwa kamba. Kufuga kwenyewe, basi, hakujakatazwa. Kilichowekwa ni sharti. Uzito wa sharti hilo ulifafanuliwa na Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu: mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutoleta faida tena, asibebeshwe asichokiweza, wala asiwekwe pamoja na wa jinsi yake au wa jinsi nyingine watakaomdhuru. Wakatoliki wa jimbo la kiaskofu la Kasongo nao wanafundishwa katika katekisimu yao kwamba binadamu anaruhusiwa kufuga wanyama, lakini kuwatesa bila sababu kunapingana na hadhi yake mwenyewe.

Fiqhi ya Kiislamu inakwenda mbele zaidi na kumwekea njia za kutokea yule aliyeshindwa. Mmiliki asiyeweza kutoa nafaqa, yaani matumizi ya lazima ya mnyama wake, hulazimishwa ama kumlisha, ama kumuuza au kumwachilia kwa namna isiyomwangamiza, ama kumchinja ikiwa ni wa kuliwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya ngamia, punda na mbuzi, na uzuri wake ni kwamba haimwachi mnyama kuwa mateka wa umaskini wa mwenye naye. Akiwekwa kenge mahali pa mbuzi, milango hiyo hujifunga mmoja baada ya mwingine. Kuchinja hakumfai Mwislamu anayefuata rai ya kuikataza nyama yake, kwani wanazuoni wametofautiana juu yake. Kuuza nje ya nchi kunabanwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao Kongo ni mwanachama wake na kenge wa maji yumo katika kiambatisho chake cha pili. Kuachilia, kunakoonekana kuwa mlango wa huruma, ni hatari kwa mnyama aliyezoea kulishwa kwa mkono na asiyeogopa tena harufu ya mtu, kwa maana atarudi penye kuku na watu na kuuawa kwa panga. Mbali na kwao ni hatari kwa wengine pia: katika mji wa Cape Coral, Florida, kenge wa maji walioingizwa kwa biashara ya wanyama wa nyumbani wameonekana wakizaliana tangu karibu mwaka 1990, wakila mayai na viumbe wa nchi isiyowajua. Anayeanza hana budi kujiuliza atatokea mlango gani kabla hajaingia.

Husemwa kwamba kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni, na msemo huo, unaomlenga mtu mkaidi, umewapa wengi kisingizio cha kumdhania kenge kuwa jiwe lenye miguu. Ukweli ni kinyume. Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za vitoto vinane vya kenge wa koo jeupe, jamii inayopatikana mashariki na kusini mwa Afrika, vilivyopewa bomba lenye panya ndani na vilango vya kufungua; vyote vilifungua bila kufundishwa, na mara ya pili vikafanya haraka zaidi. Mnyama anayejifunza huweza pia kuchoshwa na kifungo. Pamoja na hayo hana sauti ya kulalamika zaidi ya kupumua kwa kishindo anapotishwa: paka aliyefungiwa angelia mpaka jirani asikie, lakini kenge anayekauka kwa kiu hulala kimya, macho yakididimia, na mfugaji mgeni huusifu ukimya huo kuwa upole. Kuzoea kushikwa si kufugika. Mbuzi na kuku wamechaguliwa na binadamu kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka mpaka maumbile yao yakaelekea zizini, ilhali kenge aliyeletwa jana kutoka Luama ni wa porini hata akilala mapajani.

Hivyo wepesi wa kufugika haumo ndani ya mnyama peke yake. Ni uwiano kati ya umbile lake na uwezo wa anayemchukua, na unapaswa kupimwa kutoka upande wa mnyama. Kwa kipimo hicho mfugaji wa ng'ambo anayechagua Varanus acanthurus, kenge mdogo wa Australia asiyezidi sana sentimita 70 na anayezaliwa mabandani kwa vizazi vingi, anaweza kujitetea mbele ya sharti la al-Qaffal, mradi ana vifaa na riziki ya miaka kumi na zaidi. Kijana wa Kasongo hana kenge wa namna hiyo wa kuchagua, na wa maji aliye naye mtoni hapiti kipimo hicho. Kwake jibu la haki ni kutomchukua, na jibu hilo halimnyimi elimu anayoitamani, kwani yuko mahali ambapo kenge huweza kutazamwa akiota jua, akiwinda na kutaga, jambo ambalo wafugaji wa Ulaya hutumia fedha nyingi kuliiga bila kulifikia.

Inabaki hali ya mtoto ambaye tayari amekileta nyumbani kitoto cha kenge, amekifunga uzi mguuni. Mzazi asikitupe wala asimchape mtoto fimbo. Akate uzi, akiweke kivulini karibu na maji ya kunywa, asikilazimishe kula, wote waliokishika wanawe mikono kwa sababu watambaazi hubeba vijidudu vya kuharisha, na siku hiyo hiyo, kabla hakijasahau kuogopa watu, mtoto mwenyewe aongozwe kukirudisha pale pale alipokikamata, si kwenye kijito kingine kilicho karibu na nyumba.