Mtoto Akisema Anateswa, Msikilizeni

Wazazi wenzangu wa Jericho, Kaloleni, Umoja na Kayole hapa Nairobi, neno hili nimelisema barazani, nikalisema hata matangani, na leo nalirudia ingawa koo limekauka. Mtoto akikueleza kwamba anateswa shuleni, usimjibu, "Vumilia, hata sisi tulipitia hayo."

Najua jibu hilo linakotoka. Karo imetokana na mkopo wa chama, godoro na sanduku vimenunuliwa kwa kujinyima, na shule yenyewe imepatikana kwa taabu. Mzazi anaogopa kwamba akilalamika, mwanawe ataonekana mkorofi. Basi mtoto anarudishwa bwenini kufua soksi za wakubwa, kunyang'anywa mkate na pesa za matumizi, na kuchapwa taa zikishazimwa. Anaitwa mono, yaani mwanafunzi mgeni, na wote wanaona ni desturi.

Desturi hiyo haimkomazi mtu, na ukatili wa bwenini unaweza hata kuua. Mei 1999, katika shule ya Nyeri High, wanafunzi waliwachoma viranja wanne wakiwa wamelala. Wote wanne wakafa. Mwaka 2017, Wizara ya Elimu iliichunguza Alliance High School, shule inayotamaniwa na kila mzazi, kwa madai kwamba wanafunzi wageni walikuwa wakiteswa. Kwa hivyo sifa ya shule isikufunge macho.

Mtazameni mtoto anapofika nyumbani kwa likizo fupi. Kufuli la sanduku limevunjwa, blanketi halipo, naye anasema tu, "Limepotea." Mgonge bega kwa utani uone kama atashtuka. Siku ya kurudi shuleni tumbo linamuuma tangu asubuhi. Wa shule ya kutwa hubadilisha njia ya kurudi nyumbani, au huitazama simu kwa hofu kila ujumbe wa WhatsApp unapoingia.

Akianza kusema, zima televisheni, nyamaza, usikilize mpaka mwisho. Usiulize alifanya nini hata akapigwa. Andikeni pamoja, kwenye daftari, nani, wapi na lini. Jumbe za simu zihifadhi, usizifute kwa hasira. Kisha nenda kwa mwalimu wa darasa au wa ushauri nasaha, halafu kwa mwalimu mkuu, ukiwa na barua yako na nakala yake. Wasipochukua hatua, nenda kwa bodi ya shule na kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa, kimwili au kisaikolojia. Hapo hutakuwa unaomba fadhili. Mwanachuo naye aende kwa msimamizi wa wanafunzi, na asiende peke yake.

Akiwa ameumizwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sisi wa huku tuna Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ripoti polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Afisa wa watoto yupo katika kaunti ndogo, na simu ya 116 hupokelewa mchana na usiku bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundisheni nambari hiyo kabla hajaihitaji. Na akitaja kutaka kufa, msimwache peke yake hata dakika moja. Tafuteni daktari mara moja.

Nanyi ambao mwana wenu ndiye anayetesa, msimfiche. Huenda naye alipigwa na wakubwa, au anapigwa nyumbani. Mrekebisheni mapema, akaombe msamaha, arudishe alichochukua, ashauriwe.

Nanyi wajukuu zangu, kusema si uchongezi. Mama akikosa kukusikia, mwambie shangazi. Shangazi akikosa, mwambie mwalimu, imamu, padri au kocha wa timu ya mtaa. Usinyamaze kwa sababu mtu mzima mmoja amekupuuza. Endelea kusema mpaka apatikane wa kukushika mkono na kwenda nawe.