Kiwanda cha Lamu na Jicho la Mgeni

Picha nyeusi na nyeupe ya ua wa ndani wa nyumba ya kale ya Lamu, ikikuzwa na kutiwa fremu ili ipambe ukuta wa hoteli, huibua swali la kidini ambalo mara nyingi huanzwa mahali pasipo pake. Mjadala huelekezwa kwenye hukumu ya taswira, yaani kuunda sura ya kiumbe chenye roho, na hapo jibu ni jepesi, kwa kuwa wanazuoni wengi hawakatazi mfano wa jengo au mti. Tena Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba hata picha ya mtu iliyopigwa kwa kamera si uumbaji bali ni kukizuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Kwa kipimo hicho ua mtupu hauna kesi.

Kesi iko kwenye sitara, yaani haki ya wakaao ndani kutoonwa na asiyewahusu. Nyumba ya mawe ya Lamu, iliyojengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, imepangwa yote kwa ajili hiyo: mgeni huishia dakani, kwenye kibaraza cha mbele ya mlango, na anayeruhusiwa kupita hukuta njia imepinda, hata asikione kwa ghafla kiwanda, ule ua usioezekwa unaovipa mwanga na hewa vyumba virefu viitwavyo misana.

Sura ya An-Nur, aya ya 27, inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yanaeleza kuwa ruhusa hiyo iliwekwa kwa sababu ya jicho, ndiyo maana anayebisha hodi mara tatu bila kuitikiwa hurudi zake. Aya ya 29 inalegeza sharti hilo kwa nyumba zisizokaliwa, ambazo mtu ana manufaa humo. Hapa ndipo kuondolewa kwa rangi, kunakosifiwa kana kwamba ni suala la ladha tu, kunapofanya kazi isiyotajwa: kanga iliyoanikwa hugeuka kijivu, sakafu iliyotoka kumwagiwa maji hung'aa kama iliyosuguliwa na karne, na mbuzi ya nazi iliyowekwa kando ya mlango huonekana kifaa cha makumbusho, ilhali meno yake yangali na chembe za nazi. Nyumba inayokaliwa hufananishwa na magofu ya Takwa, na mtazamaji hujipa ruhusa ya aya ya 29 mahali inapotawala aya ya 27.

Itasemwa kwamba mwenye nyumba aliridhia, pengine hata alilipwa. Ridhaa ya kuingia, hata hivyo, huisha mgeni anapotoka, bali picha huliacha jicho ndani hata nyumba ikisharithiwa na watu ambao hawakuulizwa kamwe. Picha ileile ikimfaa fundi anayekarabati zidaka, yale mashubaka ya plasta iliyochongwa, huwa imetumika ili nyumba iendelee kukaliwa. Pambo la hotelini hununuliwa kwa kuwa nyumba yaonekana imehamwa, nalo linahitaji ridhaa pana zaidi, ya wanaofua na kupika kiwandani, wala si ya mwenye hati peke yake.