Habari za Tuliosoma Pamoja

Watu waliosoma pamoja shahada ya pili wana desturi ya kupashana habari. Mara moja au mbili kwa mwaka hukusanya mistari michache juu ya kila mmoja: fulani amepandishwa cheo, fulani amemaliza udaktari wa falsafa huko Uingereza, fulani ameoa, fulani amejaliwa mtoto wa tatu. Zamani mistari hiyo ilifika kwa barua, siku hizi hufika kwa simu ya mkononi, lakini sura yake ni ile ile. Nami huisoma yote, tena kwa furaha. Nani asiyependa kusikia kwamba mwenzake amefanikiwa?

Hata hivyo limo neno moja ambalo limenifikirisha sana. Mtu akiulizia habari zangu, hujibiwa: "Bado yuko Mnero." Anayejibu hana nia mbaya, lakini neno "bado" limebeba hukumu. Chungu kilichoko jikoni huambiwa bado. Embe bichi huambiwa bado. Kusema kwamba mtu bado yuko Mnero, wilayani Nachingwea, jirani na Ruangwa, ni kusema kwamba hapa ni kituo tu, anangoja treni ya kumpeleka kwenye maisha yenyewe.

Treni huku tunazijua. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wake wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mpango ukawa habari kubwa hadi London. Mwaka 1951 ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kupotea. Na katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Wakati wote huo wakulima wa huku walikuwa wakilima mihogo na mtama wao, wakala, wakalea watoto. Hawakuwa habari. Basi tujiulize: jambo huwa habari kwa ukubwa wake, kwa umbali lilikofika, au kwa sababu limemfaa mtu?

Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada ya M.A., aliwahi kuwapigia wasomi mfano. Kijiji chenye njaa humpa mtu mmoja chakula chote kilichopo, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila kisha asilete kitu, huyo ni msaliti. Katika mfano huo wanakijiji hawangoji kuambiwa msafiri amefika wapi, wala amepewa kiti gani huko alikofika. Wanangoja mzigo.

Lakini tusiufanye mfano huo kuwa fimbo ya kuwachapia walio mbali. Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, Masasi, huku huku kusini. Alisoma Makerere, kisha Columbia huko New York, akawa Rais wetu kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Kazi aliyoifanya, iwe ya kusifiwa au ya kulaumiwa, asingeifanya kwa kukaa Lupaso. Na Julai 2020 alirudishwa huko huko kuzikwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa upande mwingine, mtu aweza kukaa kijijini miaka 30, vyeti vimetundikwa ukutani, naye anakula peke yake. Kukaa si fadhila na kuondoka si dhambi. Linalopimwa ni mzigo.

Liko jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Habari zetu hizi zinajua kupanda tu. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, habari yake ya mwisho ilikuwa ya kupandishwa cheo. Tukapongeza. Kisha ikapita miaka bila mstari wowote, mpaka lilipokuja tangazo la msiba. Ndipo tukajua kwamba alikuwa amepoteza kazi, akaugua muda mrefu, na ndoa yake ikavunjika. Hakumdanganya mtu. Katika ile mistari hapakuwa na mahali pa kuyaweka mambo hayo, naye akanyamaza, kama wanavyonyamaza wengi. Desturi iliyowekwa ili tusipoteane ndiyo iliyomficha.

Wazee wa huku hawasalimiani hivyo. Mzee akikuuliza habari, utajibu "nzuri" kwanza, maana ndiyo adabu. Lakini haishii hapo. Atauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, za mgonjwa wenu. Ukifika kwenye mgonjwa, utasema kweli. Cheo chako hatakiuliza kabisa. Si kwamba anakidharau. Anajua kwamba mwenye nacho atakitaja mwenyewe, ila mgonjwa asipoulizwa hatatajwa.

Nadhani nasi tungeanza hapo. Aliyepanda aseme amepanda, na aongeze ni nani amefaidika. Aliyeanguka aulizwe kabla hajanyamaza. Na mama aliyetoka hospitali ya misheni hapa Mnero akiwa amembeba mtoto mzima, kwa mikono ya wahudumu wasioandikwa popote, naye ahesabiwe kuwa ni habari.

Kwa upande wangu ombi ni dogo. Wakiulizia, waambieni nipo Mnero. Hilo "bado" liacheni.