Mali Iliyotimiza Mwaka

Mfugaji wa Garissa mwenye ngamia watano waliolisha nyikani mwaka mzima anadaiwa zaka ya mbuzi au kondoo mmoja. Mwenye mbuzi 40 anadaiwa mmoja. Mwenye ng'ombe 30, ndama wa mwaka. Hakuna anayemuuliza kama ameuza mnyama, wala anayesubiri apate faida. Mali imefika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachodaiwa zaka, mwaka umetimia, basi ndani yake mna haki ya mtu mwingine.

Hoja inayorudiwa sana dhidi ya kutoza kodi utajiri mkubwa ni kwamba thamani ya hisa ni ya karatasi tu mpaka zitakapouzwa, na kwamba huwezi kumdai mtu fedha asizozishika. Inasemwa kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Lakini muuzaji wa jumla mjini Garissa anayefuata madhehebu ya Shafii, mwaka wake ukitimia, huithamini shehena yake kwa bei ya soko ya siku hiyo na kutoa asilimia 2.5, ilhali magunia ya sukari yangali ghalani. Ikiwa ghala la sukari linaweza kuthaminiwa, hisa ambayo bei yake hutangazwa kila siku ya biashara ina udhuru gani?

Kenya imeipa udhuru kwa sheria. Kodi ya mirathi ilifutwa mwaka 1982. Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa mwaka 1985, ikarejeshwa 2015 kwa asilimia 5, ikapandishwa hadi 15 mwaka 2023. Bado faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi haiguswi nayo. Mama anayenunua sabuni mtaani Bulla Iftin, Garissa, kwa upande wake, analipa VAT ya asilimia 16 papo hapo dukani.

Tunaambiwa msamaha huo upo kwa sababu soko la hisa hukusanya mtaji wa kujenga nchi. Hilo ni kweli kampuni inapotoa hisa mpya. Ila tazama uuzaji mkubwa tunaoukumbuka wote, wa Safaricom mwaka 2008: hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Serikali ilikuwa ikiuza asilimia 25 ya kampuni kutoka fungu lake, hivyo fedha zile zilikwenda kwa Serikali, si kwenye minara ya simu. Na tangu siku hiyo hisa hizo zinapobadilisha mikono, mnunuzi humlipa muuzaji, basi. Sioni ubaya wa biashara hiyo; mnada wa mifugo wa Garissa nao una madalali wake. Ninachokataa ni kuibandika jina la uwekezaji na kuipa heshima ya kutodaiwa. Anayetia fedha mpya katika kazi mpya apunguziwe kodi. Anayenunua cha mwenzake na kungoja bei yake ipande alipe kama wengine.

Kuna jambo zito zaidi. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika maeneo kame ya Kenya. Mwenye kundi alipoteza mtaji, chakula na mahari ya mwanawe kwa pamoja. Mwanahisa, kampuni ikifilisika, hupoteza alichoweka tu. Wadai hawaruhusiwi kumfuata nyumbani. Kinga hiyo haikuota yenyewe. Ni jamii iliyompa, kwa sheria zake na mahakama zake. Aliyekingwa hivyo, akalimbikiza mabilioni chini ya kinga hiyo, anatudai nini hata asidaiwe?

Watasema mali itahamishwa nchi nyingine. Ujanja huo ni wa kale: Mtume alikataza makundi kutenganishwa au kuchanganywa kwa hofu ya zaka. Waliogawa mbuzi wao ili wasifike 40 ni ndugu wa wanaoficha hisa nyuma ya kampuni za visiwani. Hila zile hazikuifuta zaka, zilipigwa marufuku.

Pingamizi linalonigusa hasa ni la watu wa kwetu kaskazini: kwamba fedha zikifika Nairobi hazirudi. Hawalisemi bure. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulitaka fedha za maendeleo zielekezwe kwenye ardhi nzuri yenye mvua, na kaskazini ikajua maana yake kwa miongo. Zaka huwataja wanaostahiki, mafungu manane, tena kwa majina. Katiba ya 2010 ilijaribu jambo la namna hiyo katika kifungu cha 204: nusu ya asilimia ya mapato ya taifa iende kwenye maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa, kwa miaka 20. Utekelezaji umesuasua mno, lakini muundo ni sahihi. Kodi ya utajiri mkubwa iandikwe vivyo hivyo, mlipaji na mpokeaji katika sheria moja, na kaunti iliyocheleweshewa fungu lake iwe na haki ya kulidai mahakamani, sawa na Mamlaka ya Mapato (KRA) inavyomdai muuza duka.