Sheria Ipo, Moshi Upo: Nani Atasema?



Vijana wenzangu wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba, Malinyi, Mahenge na popote mnaposomea ujumbe huu, leo naomba tuongee habari ya sigara. Tulia kwanza, usifunge ukurasa. Kwamba sigara inadhuru umeshaambiwa tangu mafundisho ya Kipaimara, na hata kwenye pakiti yenyewe wameandika. Leo nataka tuufuate ule moshi: ukishatoka mdomoni mwa mvutaji unakwenda wapi, na huko unakokwenda unamkuta nani.

Tanzania tunayo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku. Ilitungwa mwaka 2003, maana yake wengi wenu mmezaliwa mkaikuta. Inakataza kuvuta katika maeneo ya umma kama hospitali, shule, nyumba za ibada na vyombo vya usafiri, isipokuwa pale palipotengwa rasmi kwa wavutaji. Inakataza pia kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Kwa hiyo kwenye karatasi tuko vizuri tu.

Sasa itaje sheria hii kijiweni, pale bodaboda wanaposubiri abiria, usikilize majibu. Wa kwanza atakuuliza, "Sheria gani hiyo? Tangu lini?" Wa pili atasema, "Kifua changu, hela yangu, wewe inakuuma nini?" Wa tatu atakuja na siasa: "Serikali hiyo hiyo inakula kodi ya sigara, halafu ituambie tusivute?" Na wa nne, huyu ndiye anayenisumbua zaidi, atasema taratibu tu, "Asiyependa moshi si atoke."

Tuyachukue majibu haya kwa heshima, maana si ya wajinga. Nianze na la pili, la "kifua changu". Kwenye falsafa kuna Mwingereza anaitwa John Stuart Mill, ambaye mwaka 1859 alitoa kitabu kizima cha kutetea uhuru wa mtu binafsi. Huyo ni rafiki mkubwa wa wanaosema "niacheni na maisha yangu". Lakini hata yeye aliweka mpaka: jamii inaweza kumzuia mtu pale anapomdhuru mwingine. Na miaka mia sita kabla yake, Mtakatifu Thomas wa Akwino alikuwa ameshajiuliza kama sheria za wanadamu zikataze kila dhambi. Unadhani alijibu ndiyo? Alisema hapana. Sheria inatungwa kwa ajili ya umati wa watu, na wengi wetu bado tuko safarini katika fadhila. Hivyo sheria ishike makosa yale mazito, hasa yale yanayowaumiza wengine.

Umeona hapo? Sheria yetu ya 2003 haijamwambia mtu mzima "usivute". Inachomwambia, kwa lugha yetu ya mtaani, ni hiki: usimvutishe mwenzako. Uamuzi wa kuwasha ni wako na dhamiri yako na Mungu wako. Ila yule aliyekaa pembeni yako hajawasha, hajanunua, hajaulizwa, na bado anavuta.

Njoo sasa tumwangalie huyo wa pembeni. Mfikirie dada wa miaka ishirini aliyepanda treni ya TAZARA kutoka Mlimba, akashuka Ifakara kutafuta maisha. Amepata kazi ya uhudumu kwenye grosari. Anaingia zamu saa kumi jioni, anatoka usiku wa manane. Chumba ni kimoja, dirisha dogo, meza sita, na kila meza ina mtu anayepuliza. Mwambie yeye lile neno la "asiyependa moshi atoke". Atoke aende wapi? Akitoka, kazi imetoka. Pengine ana mimba ya miezi minne na bado hajamwambia bosi, kwa sababu anajua akisema atapewa chake aondoke.

Au nenda kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Turubai limefunika pande zote ili wasiolipa wasichungulie. Jua la Kilombero unalijua. Ndani mko mia moja, na mbele kabisa, chini kwenye mkeka, wamekaa watoto wa darasa la pili na la tatu waliolipa vijisenti vyao. Nyuma yao wakubwa wanawasha fegi moja baada ya nyingine kwa presha ya mechi. Dakika tisini, na nyongeza. Yule mtoto akirudi nyumbani, mama yake akinusa shati anamuuliza, "Wewe umeanza kuvuta?" Anajibu kwa ukweli kabisa, "Hapana mama." Lakini amevuta.

Wataalamu wa afya wanasema moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja kila mwaka wanaokufa duniani kwa moshi wa wenzao, watu ambao wao wenyewe hawavuti. Na ukisema "tumewasha feni", feni haiondoi sumu. Inauchukua moshi wa meza ya kwanza na kuupeleka meza ya sita. Ndiyo maana nchi zilizokuwa makini ziliacha mambo ya feni na madirisha, zikasema: ndani hapana.

Ireland, nchi ya Wakatoliki wengi na ya baa nyingi, ilifanya hivyo tarehe 29 Machi 2004. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo. Kelele zilikuwa nyingi: biashara itakufa, watu hawatatii, baa bila moshi si baa. Watu wakatii. Mpaka leo mvutaji wa kule anaacha glasi yake mezani, anatoka nje, anamaliza, anarudi kwenye stori. Na angalia jinsi walivyoijenga hoja yao: waliitetea sheria ile kama sheria ya kulinda wafanyakazi. Yaani yule dada wa Mlimba ndiye aliyekuwa katikati ya mazungumzo.

Majirani zetu nao wana habari zao. Kenya walitunga sheria yao mwaka 2007, ikaanza kutumika 2008, na katikati ya Nairobi utakuta sehemu maalum ambako wavutaji wanakusanyika kwenda kuvuta. Uganda walitunga yao mwaka 2015, na kampuni ya sigara ikaenda mahakamani kuipinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi hiyo. Kwetu, mwaka 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipopiga marufuku shisha, nchi nzima iliongea: wengine walishangilia, wengine walilalamika kwamba starehe za vijana zinaonewa. Lakini sheria yenyewe ya 2003 bonde hili halikuipigania wala halikuipinga. Tumeinyamazia. Mtu anawasha ndani, wengine wanakohoa, wanapepea kwa mkono, wanatazamana, basi. Kumwambia mtu mzima "toka nje" tunaona ni utovu wa adabu.

Hata Kanisa lina historia yake hapa, na tusiifiche. Mwaka 1642 Papa Urbano wa Nane aliletewa malalamiko kutoka Sevilla, Hispania, kwamba watu wanatumia tumbaku humo humo kanisani. Akatoa adhabu kali ya kutengwa na Kanisa kwa atakayefanya hivyo katika makanisa ya jimbo lile. Baadaye Papa Benedikto wa Kumi na Tatu akaondoa adhabu ya namna hiyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, wakati wa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, Vatikano ikakataza kuvuta ndani ya sehemu zake za umma. Kisha mwaka 2017 Papa Fransisko akaamua kwamba kuanzia 2018 sigara zisiuzwe tena Vatikano, ingawa mauzo yale yalikuwa yanaingiza fedha nzuri. Sababu ilikuwa moja: Kanisa haliwezi kushirikiana na jambo linaloharibu afya za watu.

Hapo amejibiwa yule wa tatu, mwenye hoja ya kodi. Ndugu yangu, hoja yako ni ya kweli na inauma. Fedha ya tumbaku inalisha watu. Wakulima wa Tabora na Ruvuma wamesomesha watoto kwa tumbaku, na kwa miaka mingi viwanda vya kuchakata tumbaku pale Morogoro mjini vimewapa ndugu zetu kazi za msimu. Hatuwezi kuwadharau watu hao. Lakini kuvutia nje badala ya ndani hakumnyang'anyi mkulima shamba lake. Kunampunguzia tu mtoto wa kibanda umiza moshi asioununua.

Turudi kwenye Maandiko. Mtakatifu Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, anakutana na jambo linalofanana na hili. Watu wanabishana kuhusu nyama: ni halali kula au si halali? Paulo hana shida na nyama. Anajua ana uhuru wa kula. Ila anasema kama ulaji wake unamwangusha ndugu yake, yuko tayari kuiacha nyama maisha yake yote. Anaanza kwa kumtazama ndugu aliyekaa mbele yake, kisha ndipo anaamua afanye nini na haki yake. Sisi tunaanza na haki, ndugu anakuja baadaye, akipata nafasi.

Katekisimu nayo, namba 2290, inatufundisha fadhila ya kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na dawa. Na hapo hapo inamgusa anayehatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi, na inasema kosa lake ni zito. Zisome sehemu hizo mbili pamoja. Kiasi kinaanza na mwili wako, kisha kinafika kwa mtu aliye karibu nawe.

Kwa hiyo polisi asipokuja, nani atasema? Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, akajibu kana kwamba kumlinda si kazi yake. Mimi naamini kijana Mkatoliki wa bonde hili hawezi kulitumia jibu hilo. Hatuhitaji askari atufundishe kumpenda dada wa grosari.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu tu.

La kwanza, tuanze na kwetu. Sherehe za Kipaimara, harusi, tamasha la VIWAWA, kikao cha TYCS, mechi tunazoangalia kwenye ukumbi wa parokia: kamati ikubaliane mapema kwamba ndani hakuna moshi, na nje pawekwe benchi kwa wanaovuta. Mshereheshaji atangaze mwanzoni kabisa, kwa upole, kabla hajaonekana anamlenga mtu.

La pili, tujifunze kusema kwa adabu za kwetu. Hatusemi, "Wewe mzee, zima hiyo." Tunasema, "Shikamoo mzee. Samahani sana, humu ndani kuna watoto. Tunaomba umalizie pale nje, kiti chako tunakulindia." Na ukilinde kweli! Akirudi akute kiti chake kipo na mmemsimulia goli lililompita. Wengi watatoka bila ugomvi, kwa sababu aliyeheshimiwa huona aibu kukataa.

La tatu ni kwa wewe unayevuta na umesoma mpaka hapa. Asante. Mimi sikuoni kuwa mtu mbaya. Nikotini inafunga, na wengi waliofungwa nayo walianza wakiwa wadogo, kwa fegi moja ya kununuliwa na rafiki. Kama unataka kuacha, mwambie mtu mmoja unayemwamini, nenda kamwone mhudumu wa afya, usipigane peke yako. Kama bado hujaweza, anza na hatua zile kumi za kutoka nje. Mtu anayenyanyuka katikati ya mechi, mpira ukiwa mtamu, ili mtoto asiyemjua apumue vizuri, huyo amefanya tendo la upendo, na Mungu ameliona.

Tuombe. Ee Yesu Mwema, uliyewapulizia mitume wako Roho Mtakatifu, utufundishe kuiheshimu pumzi ya kila mtu. Uwalinde wanaofanya kazi mahali ambapo hawana nguvu ya kukataa. Uwape moyo wanaotaka kuacha. Na sisi tulionyamaza, utupe kinywa chenye upole na ujasiri. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama yetu. Amina.

Wiki hii, ukiwa mahali pa ndani na mtu akawasha, usipepee kwa mkono. Msalimie.

Frateri wenu