Damu, Zawadi na Ukweli wa Mtoaji

Kila msimu wa mvua malaria huongezeka, na wako watoto wetu wanaoishiwa damu hata wanapelekwa Dowa au Kamuzu Central kule Lilongwe. Damu haitengenezwi kiwandani. Lazima binadamu aitoe.

Tangu 2003 Malawi ina shirika lake la damu, MBTS, linalotafuta watoaji wa hiari wasiolipwa. Zamani mara nyingi waliitwa ndugu wa mgonjwa, hata yule asiyeweza kusema mambo yake mbele ya wakwe. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kipimo ni kizuri. Lakini mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kukaa majuma kadhaa akiwa na virusi ambavyo kipimo bado hakivioni. Ndiyo maana mtoaji huulizwa maswali ya kutia haya: umelala na nani, na lini. Kwa majuma hayo kinachomlinda mtoto anayeongezewa damu ni ulimi wetu.

Basi, je, ni halali kwenda kutoa damu ili tujue hali yetu bila kuonekana kwenye chumba cha kupimia? Wengine husema hakuna ubaya, damu mbaya itatupwa. Sisi tunasema si halali. Anayeogopa macho ya majirani tunamwelewa, maana nyumba zetu zimebanana na siri haikai. Lakini hofu yake anamtwika mgonjwa asiyemjua, pengine mchuuzi wa Tsoka aliyegongwa na gari. Kituo cha afya cha Dzaleka kinapima, tena bure.

Na ndugu anayemeza ARV, akiambiwa virusi havionekani tena, ashukuru, kwa kuwa hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Damu asitoe. Mfuko mzima ukiingia mshipani ni jambo jingine kabisa.

Someni habari za Anania na Safira, Matendo 5. Shamba lilikuwa lao, na fedha zake pia, Petro hakuwadai. Kosa lao lilikuwa kuleta sadaka pamoja na uongo. Damu nayo hakuna anayetudai.

Ila kanisa nalo lina sehemu yake. Waumini wakipangwa mstari baada ya ibada, na mzee amesimama mlangoni akitazama nani ametoka na plasta mkononi, mwenye shaka atafanya nini? Atadanganya. Kumbe anayerudishwa huenda ana mimba, au malaria, au uzito wake ni mdogo. Sisi mawazo yetu yanakimbilia uzinzi tu! Siku watoaji watakapoalikwa, kila mmoja aingie kwa muuguzi peke yake, pasiwe na mtu wa kuhesabu, na soda na biskuti wapewe wote, aliyetoa na ambaye hakutoa.